Gereji Bubu Ina Mengi ya Kusema

Msomaji, hebu tuanze na neno. Mitaani kwetu, mahali pasipo na leseni pameitwa bubu. Kuna kilabu bubu, gesti bubu, na kuna gereji bubu. Neno lenyewe ni la utani, lakini lina uonevu ndani yake. Bubu ni asiyesema. Sasa wewe pita kwenye gereji bubu yoyote saa nne asubuhi. Nyundo inagonga, redio inaimba, fundi anamgombeza kijana aliyemletea spana namba 14 badala ya 12, injini inakohoa kama mzee wa kiko. Kelele tupu! Mahali panapolishinda soko kwa kelele ndipo tumepaita bubu. Nionavyo mimi, huo ububu si wa gereji. Ni wetu sisi tunaojidai kushika kalamu.

Makala hii ni historia ya pikapu za dizeli zilizokufa zikafufuliwa uani kwa watu, huko Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Najua mshikaji mmoja atauliza: hivi hiyo nayo ni historia? Historia si ya machifu, vita na marais? Ndiyo, ni hiyo. Lakini machifu walikula nini, askari walisafiri kwa nini, na maharage ya Kasulu yalifikaje mjini? Yalibebwa. Na aliyekiweka hai chombo kilichobeba hana jina katika kitabu chochote ulichosoma darasani.

Kabla ya kupanda mlimani, tushuke kwanza ziwani, manake mkoa huu una mfano mkubwa wa chombo kilichokufa kikafufuka. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli mjini Papenburg, wakaiita Graf von Götzen. Wakaifungua vipande vipande, wakavipakia ndani ya makasha kama 5,000, wakavileta hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Hapo ikaungwa upya, na Februari 1915 ikashushwa ziwani Tanganyika. Vita ilipowaelemea, Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Lakini kabla ya kuizamisha walipaka injini zake grisi nzito, wakiwa na matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaisafisha, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya: Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iling'olewa, zikafungwa injini za dizeli.

Ukiitazama vizuri, Liemba ni ajali iliyonyanyuliwa, ikanyooshwa bodi, ikafungwa injini ya aina nyingine, ikarudi barabarani. Tofauti ni ukubwa tu. Sasa angalia jambo moja. Mafundi watatu wa Kijerumani waliofuatana na yale makasha majina yao yanajulikana mpaka leo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Vibarua Waafrika waliobeba mabati na kupiga nyundo pale Kigoma, je? Hao ni "vibarua", basi. Mia moja na zaidi wakawa neno moja. Kumbe ububu tulianza kuugawa zamani.

Twende mlimani sasa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na pale ikaishia. Kasulu iko chini kidogo ya kilometa 100 kutoka Kigoma mjini, na Kibondo ni zaidi ya 200. Reli ilipoishia ndipo palipoanza vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Utawala wa kikoloni haukuwa na haraka ya kujenga barabara Buha, manake bidhaa iliyotakiwa zaidi kutoka huko ilikuwa ina miguu yake yenyewe: watu. Waha walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba.

Gari lililofaa kwa njia za namna hiyo lilikuja baada ya Vita ya Pili. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Kwa kuwa Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Uamuzi uliotokana na dhiki ya Ulaya ukawa baraka kwetu: aluminiamu hailiwi na kutu kama bati la chuma. Ndiyo maana hata leo unaweza kuikuta Land Rover ya zamani bodi yake inacheka, ila chesisi, ambayo ni ya chuma, imeoza kama jino.

Miaka hiyohiyo Waingereza walitupa somo jingine, tena la bei mbaya. Mwaka 1947 walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Urambo, kama unavyojua, iko kwenye reli iendayo Kigoma. Walileta matrekta chakavu yaliyobaki vitani, wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Kufufua chuma chakavu kunahitaji mtu anayeijua ardhi kitakapotembea, na huyo pesa peke yake haimnunui.

Wakati ulioifanya gereji ya nyumbani kuwa ya lazima ulikuja kati ya mwaka 1978 na 1985. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Malori na magari mengi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda vitani, na mengi yaliyorudi yalirudi hoi. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikakauka. Waliokuwa na umri watakumbuka amri ya kutoendesha magari binafsi Jumapili mchana. Spea ikawa hadithi. Ukitaka ringi za pistoni lazima umjue mtu anayemjua mtu. Gari lililoharibika kidogo likaegeshwa, na lililoegeshwa likaanza kutoa spea kwa wenzake: leo stata, kesho redieta, keshokutwa mlango.

Kama hali ilikuwa hivyo Dar es Salaam, palipo na bandari, Kariakoo na Gerezani, fikiria Kibondo. Huko gari lililokufa lilikuwa ghala. Na fundi alijifunza somo ambalo kitabu cha kiwanda hakina: kitu gani cha gari hili kinaingia kwenye gari lile. Elimu hiyo iliandikwa kichwani. Ndiyo asili ya neno Bongo, au siyo?

Mwaka 1984 Serikali ilimruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana kazipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na milango ikafunguka zaidi. Magari ya mtumba ya Kijapani yakaanza kumiminika, na pamoja nayo injini za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwakatwa. Toyota Hilux na Land Cruiser zikaanza kuisukuma Land Rover pembeni.

Halafu yakaja ya Burundi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka. Mwishoni mwa mwaka 1996 wakaja Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Mtabila nayo ilikuwa Kasulu, mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Upande wa Kibondo palikuwa na Nduta na Mtendeli, zilizojaa, zikafungwa, kisha zikafunguliwa tena baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015. Mtendeli ikafungwa tena mwaka 2021. Penye kambi pana mashirika, na penye mashirika pana magari. Barabara ya vumbi haichagui: gari jeupe lenye bendera nalo huvunja springi. Likichoka huuzwa kwa mnada au zabuni, na safari yake ya pili huanzia hapo, kwa mfanyabiashara wa mahindi au mwalimu mstaafu, likivutwa kwa kamba hadi uani.

Uani hapo ndipo tunapotaka kufika. Tufuatane na kazi yenyewe.

Kwanza ni chesisi. Pikapu iliyopinduka inaweza kuonekana nzima kumbe mgongo umepinda. Fundi hana mashine ya kupimia. Ana kamba ya katani. Anaifunga kona ya mbele kushoto, anaivuta hadi kona ya nyuma kulia, anatia fundo. Kisha anapima kwa kamba ileile kona mbili nyingine. Mafundo yakilingana, mgongo umenyooka. Yasipolingana, ni kazi ya jeki, mnyororo na subira. Hiyo ni jometri, ndugu yangu, ileile iliyotutoa jasho sekondari. Na hiyo katani ndiyo babu za mafundi hao walikwenda kuikata Tanga.

Pili, injini. Huning'inizwa kwa cheni bloku kwenye tawi nene au miti mitatu iliyofungwa pamoja. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Inagandamiza hewa mpaka inapata moto mkali, ndipo dizeli inapopuliziwa na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo uhai wake wote uko kwenye kubana. Ringi zikilika, au silinda hedi ikipasuka, hewa inavuja, na gari haliwaki asubuhi ya baridi. Na Kibondo baridi ipo! Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilikuja na injini ya 2L, yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 2,446. Sifa yake mbaya ni hedi kupasuka gari likichemka kwenye mlima mrefu. Dawa ya mafundi ni kuitoa na kufunga 3L, yenye 2,779. Hizi ni za ukoo mmoja, vifungio vingi vinaoana, na nguvu inaongezeka. Kwenye Land Rover kazi ni ngumu zaidi. Unataka kuifunga injini ya Kijapani kwenye gia boksi ya Kiingereza, na hao hawajawahi kuonana. Lazima kichongwe kipande cha chuma cha kuwaunganisha, na kikipishana unene wa ukucha, shafti italia mpaka ivunjike.

Tatu, pampu na nozeli. Hapa ufundi wa uani unafika mpakani. Nozeli inatakiwa itoe dizeli kama ukungu, na kuipima kunahitaji mashine iliyoko miji mikubwa, hivyo pampu hufungwa kwenye gunia na kupandishwa basi. Ila ugonjwa wenyewe fundi huujua kwa macho, kama mganga. Moshi mweusi: dizeli imezidi hewa. Moshi wa bluu: oili inaungua. Moshi mweupe ulioganda: dizeli inapita bila kuungua. Nyanda za juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo pampu iliyotegwa pwani inaweza kutoa moshi mweusi mlimani bila ubovu wowote. Fundi wa Kasulu anajua hilo. Si kwa kulisoma, bali kwa kuliona mara mia.

Nne, bodi na springi. Bati lililooza hukatwa, jipya likachomelewa. Aluminiamu ya Land Rover haichomelewi kwa mtambo wa kawaida, kwa hiyo hupigwa ribiti. Kuchomelea kunataka umeme, na miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye jenereta. Mkoa wa Kigoma ulianza kuungwa na gridi ya Taifa mwaka 2022 tu. Maana yake hata moto uliounganisha pikapu ya dizeli ulikuwa wa dizeli! Springi nazo huongezwa majani ili zibebe magunia mengi kuliko alivyokusudia Mjapani. Jani lililovunjika halitupwi. Mhunzi analichukua, analitia motoni, linakuwa panga au jembe. Chuma hakizikwi huku.

Sasa msomaji usidhani nimekuja kumwaga sifa tu. Kuna mambo mawili yanayoumiza, na mwandishi anayeyaficha ni mwongo.

La kwanza ni roho za watu. Pikapu iliyoongezwa nguvu na springi bila kuongezwa breki ni jeneza linalotembea. Mzigo wa tani mbili ukishuka mlima hausikilizi sifa za fundi. Chesisi iliyochomelewa vibaya karibu na usukani inaweza kukatika ikiwa na watu 15 nyuma, juu ya magunia, mama na mtoto mgongoni. Fundi mzuri atakwambia waziwazi: "Bosi, hii injini nitaifunga, lakini breki za zamani sizitaki." Fundi mwenye njaa atanyamaza. Na njaa ipo.

La pili ni sheria. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini lazima kadi ijue. Asiyefanya hivyo, siku ya kukamatwa, gari alilolijenga kwa miaka mitatu linageuka ushahidi dhidi yake. Injini ya mtumba isiyo na risiti inaweza kuwa imeibwa, na fundi hana njia ya kujua. Hapo ndipo hilo neno bubu linapouma: asiye na leseni hana wa kumsemea, na asiye na wa kumsemea hapewi mafunzo wala mkopo. Kisha tunamlaumu kwa kutojua.

Jirani zetu Kenya walilipa jambo hilohilo jina jingine. Wao wanasema jua kali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyoifanya dunia ianze kuzungumzia kazi hizo kwa heshima, na mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi mabanda. Sisemi mambo yao yamekwisha. Lakini tazama majina: wao walimwita fundi kwa mateso anayoyavumilia, sisi tukamwita kwa karatasi asiyo nayo.

Si kwamba Serikali yetu haikuwa na ndoto. Mradi wa Nyumbu, Kibaha, ulikusudia Tanzania itengeneze gari lake, na gari likatengenezwa kweli. Lakini halikufika kujaza barabara zetu. Wakati huohuo, bila hotuba wala utepe wa kukata, watu wa uani walikuwa wanatengeneza magari kila mwezi: chesisi ya mwaka huu, injini ya mwaka ule, mlango wa buluu, mlango wa kijani. Tukauliza kwa miongo mingi, "Lini Mtanzania ataunda gari?" Jibu lilikuwa linapita mbele yetu limebeba mikungu ya ndizi.

Kwa nini niyaseme haya sasa? Kwa sababu muda unakwisha. Lami imeingia kwenye ile barabara ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, na hakuna atakayelilia vumbi. Lakini magari nayo yamebadilika. Injini mpya za dizeli zinaendeshwa na kompyuta, na mafuta husukumwa kwa mgandamizo mkubwa mno, kiasi kwamba uchafu mdogo sana unaua nozeli. Ugonjwa wake hausomwi kwa rangi ya moshi, unasomwa kwenye skrini. Kijana anayejifunza leo atajua skrini, na ni vizuri. Ila ile elimu ya kamba ya katani na mafundo mawili, ya kipi kinaingia kwenye kipi, imekaa vichwani mwa wazee ambao wengine macho yameanza kufifia kwa moto wa kuchomelea. Mwaka 2021 mwanahistoria Joshua Grace alitoa kitabu kiitwacho African Motors, na ndani yake mafundi wa Tanzania wamepewa nafasi yao. Ni jambo jema. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza. Fundi mwenyewe, aliyesema yote kwa Kiswahili na Kiha, atajisomea lini?

Hapo sasa, mwandishi chipukizi, ndipo kazi yako ilipo. Unalalamika huna cha kuandika. Unaandika mashairi ya mapenzi kwa msichana usiyemjua, na theluji usiyoiona. Nenda gereji. Usiende na maikrofoni kama mkubwa. Nenda na daftari, shika tochi fundi akiwa chini ya gari. Mwamkie, mwite mzee kama ni mzee. Muulize: Ulijifunza kwa nani? Yeye alijifunza kwa nani? Gari la kwanza ulilolifufua lilikuwa la nani, na lilikufaje? Mwaka wa shida ya spea ulitumia nini badala ya gasketi? Ni gari gani ulikataa kulitengeneza, na kwa nini? Andika majina. Andika na majina ya vifaa kama anavyoyatamka yeye, si kama yalivyo kwenye kamusi. Swali moja kwa siku linatosha, manake fundi ana kazi.

Ukimaliza, msomee alichosema. Atakusahihisha, na utaona kwamba anaijua historia yake kuliko wewe. Wale vibarua walioipigia Liemba nyundo hatukuwahi, wamekwenda na majina yao. Hawa wa Kasulu na Kibondo bado wapo. Wanasema tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sauti kubwa, juu ya kelele za nyundo. Kazi iliyobaki ni ya aliye na masikio na kalamu.